Kijiko cha Kijani

Belle Rive, Louisiana
Jumatatu, 8 Septemba 1997

Mdogo wangu Ulysse,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi ni wazima, tukiacha goti la Nanan Clothilde, mama yako wa ubatizo, ambalo limevimba tena. Hataki kwenda kwa daktari. Anasema daktari wa sasa ni mtoto aliyefundishwa katekisimu na yeye mwenyewe, na hawezi kumfunulia sketi. Mbwa wako amekufa. Nilitaka kukuficha, lakini mume wangu Wilbert akasema mtu aliyekaa jela miaka tisa anaweza kuhimili kifo cha mbwa. Tumemzika nyuma ya karakana, karibu na ndoo za wino ambazo marehemu Mama alichapia mashati.

Sasa nikueleze ya juzi Jumamosi. Ilikuwa mechi ya kwanza ya nyumbani ya timu ya chuo, na unajua mji unavyopagawa. Tangu asubuhi maegesho ya uwanja yote yalijaa masufuria ya mchuzi wa gumbo, na watu wazima na akili zao walikuwa wamejichora usoni kobe, nembo ya timu. Mimi na Wilbert tukapanga meza chini ya ukuta wa kanisa, palepale Mama alipokuwa akiuzia tulipokuwa wadogo. Mashati hayakuwa na jina la Chuo cha Marchand wala picha ya kobe wao. Yalikuwa ya rangi ya damu ya mzee tu, na maandishi ya manjano: JUMAMOSI NI YETU.

Wakaja wanaume sita na askari wawili, mbele yao Kermit Landry. Ndiyo, yuleyule jezi nambari hamsini na tano aliyekuwa akivunja watu mbavu uwanjani. Siku hizi ana kitambi na tai, na ndiye bwana mkubwa wa alama za biashara pale chuoni.

"Odalie, rangi hizo mbili zikikaa pamoja ni mali ya chuo," akasema.

"Basi kakamate na divai ya padri," nikamwambia.

Watu wakacheka, na hapo ndipo nilipokosea. Wilbert alisimama mbele ya meza bila kumgusa mtu, wakampiga rungu la mbavu mpaka akatapika. Meza ikapinduliwa. Landry mwenyewe alinikanyaga vidole nilipokuwa nikiokota mashati. Wale wateja wetu wa miaka yote wakaendelea kula gumbo yao. Mmoja wao, Bernice, alifunga koti haraka ili shati letu lisionekane.

Wametushtaki. Wanataka duka lifungwe kabisa, duka la Mama. Tafadhali usipandwe na hasira huko, kikao chako cha msamaha ni Machi. Uliandika kwamba wamekutoa kwenye shamba la pamba. Wamekupeleka wapi?

Dada yako,
Odalie

(Afande unayesoma kabla yake: huu si mwandiko wangu wa kawaida, vidole vimevimba.)


Gerezani
2 Oktoba 1997

Dada Odalie,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na shemeji, na Nanan mwambie goti si dhambi, alionyeshe tu. Nimemlilia mbwa. Nililia nikiwa nimegeukia ukuta, maana huku mtu akikuona unalia kwa ajili ya mbwa, wiki ijayo unafua soksi zake.

Mimi mzima. Jumanne iliyopita jirani yangu wa kitanda alipigwa kwa kufuli lililotiwa ndani ya soksi, kisa aliruka foleni ya mahindi. Jicho lilitoka. Nilimshika kichwa mpaka wauguzi walipofika, nikawa namkumbuka yule mtu niliyempiga kwenye baa, siku ile ya mechi, mimi nikiwa na chupa mkononi na shati la Mama kifuani. Yeye naye lilikuwa jicho. Miaka tisa namwona yeye tu.

Kuhusu kazi, wamenipeleka ndani, penye kivuli. Kazi ya mikono. Sina zaidi ya kusema.

Huyo Landry moyo wangu unamtaka kwa dakika mbili tu, mlango ukiwa umefungwa. Lakini nimeahidi. Wewe usimpige mtu, Dada. Familia hii imeshapiga ya kutosha.

Nina swali dogo, usilicheke. Mama alipokuwa akichanganya damu ya mzee, alitia nyekundu, akatia nyeusi, halafu mwisho kulikuwa na kijiko kimoja cha kitu alichotufukuza tusikione. Kilikuwa cha bluu au cha kijani? Nimekuwa nikiwaza sana jambo hilo.

Ndugu yako,
Ulysse


Belle Rive
27 Oktoba 1997

Ulysse mdogo wangu,

Nakusalimu kwa mkono wa kushoto wa Wilbert, maana wa kulia hana tena wa kutolea salamu. Ngoja nimalize za nyumbani kwanza. Nanan alikubali kwenda hospitali, na kumbe ni maji tu gotini. Mpera wetu ulidondosha mapera yote kwa upepo. Padri amekuombea.

Watu wa Landry walikuja dukani Alhamisi, mchana kweupe, na karatasi ya mahakama ya kukagua. Askari mmoja alibaki nje kwenye gari. Walipasua fremu za kuchapia za Mama kwa visu, zote, hata ile ya mwaka aliokufa. Wakamwaga wino sakafuni. Wilbert akaenda kuzima mashine ya pasi, ile ya kukaushia mashati, isije ikaunguza nyumba. Mmoja wao akamshika kiwiko, akalaza kiganja chake juu ya bamba, akavuta mpini chini.

Sitaiandika harufu. Wakati wote huo Landry alikuwa amesimama mlangoni akitupa kisogo, anatazama barabara, kana kwamba anasubiri mtu wa posta.

Nisamehe, nimekiuka ombi lako. Nilichukua ule ubao wa kuburuzia wino nikampiga nao yule mtu usoni mara tatu. Pua ilikwenda upande na jino lake moja liliangukia kwenye ndoo ya manjano. Bado limo. Ningempiga ya nne kama ubao usingevunjika. Nilisikia raha, Ulysse, na hiyo raha imenitisha kuliko damu.

Askari ameandika kwamba Wilbert alijiunguza kazini. Daktari amekata vidole viwili.

Swali lako halikunichekesha, lilinifanya nilie. Ni kijani. Kijiko kimoja kilichojaa hadi juu kwa ndoo nzima, baada ya nyeusi, na ukoroge kwa kwenda kulia tu. Mama alisema kijani kinaiua ile kelele ya nyekundu. Ndiyo maana letu lina kina na la chuo miaka yote ni kama udongo wa mfinyanzi. Sasa tunaoijua siri hiyo ni wewe na mimi tu.

Odalie


Gerezani
16 Novemba 1997

Dada yangu mpenzi,

Poleni, poleni sana. Mwambie shemeji ninaweka mkono wangu juu ya wake. Nimeshindwa kula siku mbili. Mimi sina la kuwafanyia nikiwa humu, na hilo ndilo linaloniunguza.

Asante kwa kijiko cha kijani. Nimelala vizuri tangu nilipoipata barua yako, usiniulize kwa nini. Siku moja utapita mjini siku ya mechi, utaona jambo, utacheka mpaka ushike mbavu. Nitakueleza nikitoka. Mama angecheka.

Wasalimie wote. Nguo za baridi nimepewa.

Ulysse


Belle Rive
5 Desemba 1997

Ulysse,

Salamu kwa haraka. Nanan anatembea. Wilbert anajifunza kuandika kwa kushoto, jina lake linatoka kama la mtoto wa chekechea, tunacheka.

Siwezi kucheka na hilo jambo lako nisilolijua, lakini nina habari njema. Tumepata wakili, Bi Prejean, mwanamke mfupi mwenye sauti ya tarumbeta. Anasema kesi itaamuliwa kwa jambo moja: je, mnunuzi anaweza kudhani shati letu limetoka chuoni? Sisi hatukutumia jina lao wala kobe wao, imebaki rangi. Na rangi yetu si yao, hata kipofu anaweza kukuambia. Kwa hiyo siku ya kesi, 14 Januari, atanunua shati jipya kabisa katika duka la uwanjani, lenye lebo yao inayong'aa, alilaze mezani kwa jaji kando ya letu. Basi, kesi imekwisha. Udongo wa mfinyanzi huku, Mama huku.

Mimi sijaenda uwanjani tangu Septemba. Siwezi kuwatazama watu wale. Lakini kwa mara ya kwanza naona duka litabaki.

Odalie


Gerezani, chumba cha wagonjwa
29 Desemba 1997

Dada,

Heri ya Noeli iliyopita. Naandika vibaya, mkono umefungwa. Mbavu tatu na taya, zitaunga.

Sikiliza. Mwambie wakili ASINUNUE shati jipya. Achukue la mwaka jana, au la mwaka juzi, kwa mtu yeyote, kwa Bernice, kwa padri. La mwaka huu aliache. Usiniulize, fanya tu.

[Mistari minne imepakwa wino mweusi na ofisi ya barua.]

Nilijaribu kurudisha mambo yalivyokuwa. Niliomba kwa mdomo kwanza. Nikaambiwa wateja wanaipenda, haibadilishwi. Basi

[Mistari miwili imepakwa wino mweusi.]

walinipiga wakiwa wanne, kwa zamu, mmoja akipumzika. Sijamrudishia hata mmoja. Ningeweza, Dada. Nililala nikafunika kichwa kwa sababu ya Machi.

Barua hii ifike mapema. Mungu aifikishe mapema.

Ulysse


Belle Rive
21 Januari 1998

Ulysse,

Barua yako ya Desemba imefika juzi, tarehe 19. Kesi ilikuwa tarehe 14. Za nyumbani sina. Wote wanapumua.

Bi Prejean alilaza mashati mawili mezani, akakunja maandishi kwa ndani ili ibaki rangi tu. Akaanza kwa ile sauti yake: "Mheshimiwa, tazama tofauti." Jaji akavaa miwani. Akavua. Akayapeleka dirishani kwenye mwanga. Halafu akamuuliza, "Bi Wakili, lenu ni lipi?"

Bi Prejean akanyoosha kidole. Alionyesha la chuo.

Ukumbi ulicheka. Landry alijipiga kofi gotini kwa furaha kama tulipoifunga timu ya Arkansas. Mimi niliinuka nikayashika mashati yote mawili. La chuo halikuwa udongo tena. Lilikuwa na kile kina. Nililinusa kama mwendawazimu mbele za watu, nikaligeuza, nikaona kwenye mkunjo wa shingo, pale wino unapokaa mzito, ule uvuli wa kijani.

Na kabla ya hapo Landry alikuwa amekwisha kula kiapo kwamba rangi ile ni ya chuo tangu kuasisiwa na hakuna mwingine aliyewahi kuichanganya.

Tumeamriwa kufunga. Jumatatu walichoma mashati yetu yote ndani ya pipa mbele ya duka, na mimi nikalazimishwa kutia sahihi kwamba nimeona. Moshi wa wino unakera koo. Nanan alisimama barabarani akasali kwa sauti mpaka askari mmoja akavua kofia.

Watu watatu walijua kijiko kile. Mmoja yuko kaburini. Wa pili ni mimi. Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikakutumia wewe kwa upendo. Ungekuwa mbele yangu sasa hivi ningekupiga na chochote kilicho karibu. Nijibu. Usinifiche tena hata neno.

Odalie


15 Februari 1998

Dada,

Barua hii haipiti ofisini. Inatoka ndani ya Biblia ya kasisi wa gereza, hasomi mtu ila wewe.

Kazi yangu ya ndani ni hii: ninachapa mashati ya Chuo cha Marchand. Tuko wanaume arobaini katika banda moja. Chuo kinawaambia watu wake kwamba yanashonwa mjini na akina mama wa mjini. Sisi ndio hao akina mama. Tumekatazwa kuyataja haya katika barua. Mimi ndiye ninayebandika hata ile lebo inayong'aa. Nilipoisoma barua yako ya Septemba nilikuwa na gundi yake kwenye kucha.

Walinipa ndoo za wino wao. Ule udongo. Nikaona aibu, Dada. Watu elfu themanini wanavaa kazi ya mikono yangu na ni rangi mbaya. Nikawaza: mji umemfukuza Mama chini ya ukuta wa kanisa, basi mimi nitamwingiza uwanjani kwa mlango wa mbele, na wote watamvaa bila kujua. Hilo ndilo nililotaka ucheke. Msimamizi aliona sampuli akaniita kwa jina letu la ukoo, "Narcisse, hii ndiyo yenyewe, chapa zote hivi." Sikuwahi kusifiwa humu kwa lolote. Nilijivuna kama mjinga, na nikakuangamiza.

Ilipofika barua yako ya Desemba nilimwaga nyeusi katika mapipa yote, nikawashika kola wawili waliotaka kunizuia. Ndipo wakanivunja. Lakini hawakuniandikia kosa, kwa sababu wangelazimika kuandika ni kitu gani kilichomwagika. Mbele ya bodi ya msamaha mimi bado ni msafi. Wamenirudisha shambani, na banda limerudia wino wao wa udongo.

Ndani humu kuna karatasi. Nimeandika kila kitu: banda, lebo, kijiko, tarehe niliyoanza kuchanganya. Nimetia sahihi, kasisi ameshuhudia. Akiipata Bi Prejean, atakata rufaa kabla siku zake hazijaisha, mwanzoni mwa Machi, na utashinda, maana ni wao waliofanana na wewe, si wewe na wao. Lakini siku habari za banda zitakapojulikana nje, afisa wa banda ameniahidi mbele ya wenzangu kwamba sitaiona bodi ya Machi wala nyingine yoyote. Ninamwamini. Nimebakiza miaka kumi na moja.

Ukiipeleka, duka la Mama linarudi. Usipoipeleka, narudi mimi. Nimejaribu kuchagua nimeshindwa, na ninajua ni uoga kukutupia wewe. Lolote utakalofanya sitalalamika.

Ulysse


Belle Rive
25 Machi 1998

Mdogo wangu,

Salamu. Goti la Nanan limepona kabisa, na Jumapili ametembea kwa magoti yote mawili hadi altareni kwa ajili yako. Kwaresima inaendelea, ua mzima unanuka kamba wa mtoni waliochemshwa. Mpera umechanua. Kasisi amepiga simu: bodi imekuachilia, unatoka tarehe 6 Aprili.

Nilikaa kimya makusudi. Nilitaka uonje kungoja barua isiyokuja.

Karatasi yako nilikwenda nayo mpaka mlangoni kwa Bi Prejean. Wilbert ndiye aliyenipeleka, anashika usukani kwa kiganja kilichobaki. Nilikaa garini saa nzima. Mwisho nikamwambia, "Ni mkono wako ulioungua. Sema wewe." Akasema, "Odalie, hiyo karatasi itaniotesha vidole? Mtoe huyo mpumbavu." Tukageuza gari. Niliichoma katika pipa lilelile walilochomea mashati. Kisha nikaingia dukani na nyundo nikaivunjavunja mashine ya pasi, ili mnada wa vifaa vya duka usimpe Landry mashine iliyomla mume wangu. Nilipiga mpaka mabega yakagoma.

Lakini hayo siyo makubwa. Tarehe 10 alikuja Landry nyumbani, peke yake, bila askari. Alisimama kizingitini, mkono umeegemea fremu ya mlango. Anasema mashati mapya yamerudi kuwa udongo, mashabiki wanayarudisha, kila mtu anataka ile rangi ya msimu uliopita, na kiwandani hakuna anayejua ilivyochanganywa. Akalainisha sauti. "Wewe unaijua, Odalie. Niambie tu, na leseni nitakupa."

"Si uliapa kwa jaji kwamba ni yenu tangu kuasisiwa?" nikamuuliza.

"Yale ni ya mahakamani," akasema.

Nikafunga mlango. Ni mlango wa mwaloni wa babu, unaufahamu uzito wake. Vidole vyake vinne vilikuwa kwenye fremu. Alipiga kelele kama mtoto. Sikuufungua. Niliuegemea kwa mgongo, na kupitia dirisha la pembeni nikatazama barabara, kama mtu anayesubiri posta.

Nilingoja polisi siku tatu, nguo zangu za kwenda nazo jela nimeshazikunja. Hawakuja. Hawatakuja. Angewaambia alikuwa mlangoni kwangu anatafuta nini?

Sikukusamehe, Ulysse. Nataka ujue hilo kabla hujafika, usije ukanikumbatia ukadhani yamekwisha. Utakaa chumba cha nyuma. Utamfunga Wilbert vifungo vya shati kila asubuhi, mpaka atakapokuambia basi.

Najua wanaotoka huko hupewa shati la mabaki ya kiwanda. Livue kabla hujavuka geti. Shati moja hawakulipata, nilikuwa nimemvika mbwa wako tulipomzika. Nimelifukua jana na kulifua mara mbili. Ni la Mama, alilichapa mwaka uliozaliwa wewe.

Halijachuja hata kidogo. Utavaa hilo.

Dada yako,
Odalie